Dhamana ya Dakika Kumi

Kwenye fomu ya duka palikuwa na mstari ulioandikwa "Kilichoachwa", na hapo binti wa mauzo akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: mke mmoja. Kisha akamgeuzia Makali karatasi aweke sahihi. Meneja alicheka mpaka akashika tumbo. Makali naye akacheka, kile kicheko cha mtu asiyetaka kukosana na anayemcheka, akaweka sahihi. Mkewe hakucheka. Alikuwa amesimama palepale anasoma, maana kusoma anajua.

Kanuni ya duka ilikuwa kwamba anayetaka kuijaribu baiskeli ya umeme aache kitambulisho. Cha Makali kilipotea mwaka wa tatu sasa, na kila akienda kufuatilia kingine anaambiwa mashine ni mbovu. Meneja alikwisha kuwaonyesha mlango, halafu akajiona mcheshi. Alisema basi mzee aache hata mke, akitoroka na baiskeli wao watabaki na mama. Alikuwa anatania tu. Lakini Mama Watatu, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita kwa sababu ya wanawe watatu, alijibu kavu kwamba atakaa. Utani ukageuka kuwa maandishi.

Shida yenyewe ilikuwa goti. Makali alikuwa mnoaji wa visu wa kuzunguka, miaka ishirini na miwili juu ya baiskeli ya chuma yenye jiwe la kunolea kwenye usukani. Akifika kwa mteja anaisimamisha kwa stendi, anakaa juu yake, anakanyaga pedali na jiwe linazunguka; visu visivyoisha hapo anakwenda navyo nyumbani. Kwa hiyo alikuwa anakanyaga njiani na anakanyaga kazini, miguu haipumziki ila akiwa amelala. Mwaka huu goti la kulia likagoma. Daktari alimwambia pedali basi, la sivyo litakakamaa na hakutakuwa na wa kulikunjua. Ndipo likaja tangazo la baiskeli za umeme za bei nafuu, malipo ya kwanza kidogo na mengine mwezi kwa mwezi. Hayo malipo ya kwanza Mama Watatu alikuwa nayo kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki. Yalitoka kwenye cherehani yake, aliyoiuza juzi bila kumwonyesha mumewe machozi.

Binti wa mauzo akamvalisha Makali helmeti ya duka, ile ya kufunika uso mpaka kidevuni. Chini yake alivaa shati jeupe alilonunua kwa ajili ya harusi ya shemeji yake, maana aliona haya kuingia duka lenye sakafu ya vigae na koti lake la kaki lililojaa vumbi la chuma. Ukiwa umemzoea Makali wa kila siku, ungempita huyu bila salamu. Meneja alimsomea masharti: mpaka mnara wa simu na kurudi, dakika kumi, asichepuke. Mama Watatu akamsindikiza hadi kizingitini.

"Baba watoto, huko mnarani ni tambarare," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata kigari cha mtoto kinakwenda. Panda nayo kilima cha sokoni."

"Wamesema mnarani."

"Na jiwe lako atakubebea meneja? Ipeleke kazini tuione. Si una visu vya muuza nyama humo mkobani?"

Alikuwa navyo, vinne, vimeviringishwa kwenye gunia. Na neno la mkewe lilimwingia, kwa sababu ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Makali hakuwahi kurudisha kisu bila kukata nacho kitu cha mwenyewe mbele ya macho yake: nyama yake, ngozi yake, kitambaa chake. Kisu kilichojaribiwa kwenye ukucha, alikuwa akisema, hakijajaribiwa. Kwenda sokoni na kurudi, kama kweli baiskeli ni hiyo inayosifiwa, dakika kumi zingetosha. Akasema sawa. Nyumba ile ilikwenda hivyo siku zote, mume ananoa na mke anaamua.

*

Mama Watatu alikaa kwenye kiti cha wateja, akaambiwa hicho ni cha wateja. Akahamia juu ya boksi karibu na mlango. Meneja aliegemea meza na simu yake, ambamo baiskeli ilionekana kama kidoa chekundu kinachotambaa, akawa anatangaza: amefika kona, amefika kituo cha mafuta, huyo mzee ana mwendo. Kisha akaisogeza simu karibu na uso.

"Amepita mnara."

Mama Watatu akasema asiwe na wasiwasi, anarudisha visu vya mtu sokoni, anageuza.

"Visu?" meneja aliuliza.

Ukweli wenyewe ndio huo, na ulivyotoka ulikuwa mbaya kuliko uongo. Meneja akamwamuru binti afunge mlango. Akasema mwezi huu wameibiwa baiskeli mbili kwa mtindo huuhuu, watu wazima na heshima zao, na mwenye duka anazikata kwenye mshahara wake yeye. Akabonyeza simu mara mbili. Alipokwisha kubonyeza akatulia, akaona fahari kueleza: mota imezimwa, magurudumu yamebana, na sasa baiskeli inapiga king'ora na kusema kwa sauti ya mtu kwamba imeibwa, mwizi ndiye huyu. Haimhitaji polisi. Inajiitia watu yenyewe.

Soko lile Mama Watatu alilijua. Miezi miwili nyuma aliona kijana aliyedaiwa kuiba simu akipigwa pale, karibu na mabanda ya nyanya, kwa mbao na matofali, mpaka akawa hatambuliki kichwa ni kipi. Yeye alisimama na kikapu chake mkononi, akatazama, akaenda kununua vitunguu. Alipofika nyumbani alivimenya na kuvipika, na watu wakala.

Akamwomba meneja azime. Meneja akasema ikishalia haizimwi kwa simu, mpaka afike mtu na ufunguo. Akamwomba basi waende na ufunguo. Meneja akasema gari la duka limekwenda kupeleka mzigo, likirudi wataenda. Aliyasema kama anayeeleza saa za kufungua na kufunga.

"Watamuua," Mama Watatu alisema.

"Asingeiba."

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari nyuma ya meza, una kibandiko cha namba. Mama Watatu alikwenda moja kwa moja, akauchomoa. Meneja akamdaka mkono, akausokota nyuma mpaka bega likalia. Alipoona hauachii, akamzaba kofi lililomwangusha juu ya helmeti za maonyesho. Mama Watatu aliinuka na mojawapo. Hakulenga kitu. Alizungusha tu kwa nguvu zake zote, na helmeti ikampata meneja katikati ya uso, pua ikasikika ikivunjika. Meneja akaketi chini amejishika, damu inapita vidoleni na kudondoka kwenye vigae.

Mlango ulikuwa bado umefungwa. Yule binti wa mauzo aliutazama ufunguo mkononi mwa Mama Watatu, akamtazama bosi wake, akafungua komeo, akageukia ukutani. Mama Watatu akatoka mbio za kufa na kupona, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

*

Yaliyompata Makali, mkewe aliyapata baadaye kwa kuokota maneno ya huyu na yule. Alipanda kilima bila kukanyaga. Kwa mara ya kwanza tangu goti liume alifika juu amekaa, hakushuka kusukuma, na mwanamke mmoja muuza mkaa alimwona akiimba ndani ya helmeti. Kisha gurudumu likabana chini yake, na baiskeli ikaanza kupiga kelele.

Hakujua sauti inatoka wapi. Alibonyeza kila kilichobonyezeka. Watu wakaanza kuacha mizani na meza zao, wanakuja wanatembea, bado wanacheka. Makali akashuka, akaanza kueleza: anaijaribu tu, mkewe yuko dukani, mkewe ndiye dhamana. Nani aache mkewe dhamana? Walicheka zaidi. Alijaribu kuivua helmeti wamwone, mkanda ukakwama. Kwa kuwa maneno hayakumsaidia, akafikiri kazi itamsaidia. Akafungua mkoba awaonyeshe kwamba yeye ni mtu wa kazi, akatoa kisu.

Tofali la kwanza lilimpata mgongoni.

Hata hapo huenda wangechoka mapema, kama si muuza nyama. Alitoka bandani na aproni yake, mtu mnene mwenye sauti, akaviona visu chini vimetawanyika. Vilikuwa vyake. Alivijua kwa mipini, na alivijua kwa makali. Akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba visu hivi alimkabidhi Makali mnoaji jana, mkono kwa mkono. Mzee wa watu, anachechemea, hajawahi kumdhulumu mtu. Baiskeli ya chuma iko wapi? Jiwe liko wapi? Umemfanya nini Makali?

"Mimi ndiye Makali," ilisema sauti ndani ya helmeti.

Hilo ndilo lililowatia wazimu. Amemwibia mtu, pengine amemuua, na jina lake analivaa palepale mbele ya watu wake. Kila mmoja pale alikuwa na kisu au mkasi uliopita mikononi mwa Makali, na kila mmoja alimpenda kwa namna ambayo watu humpenda fundi wa bei rahisi. Hawakuwahi kuutazama uso wake sana. Walimjua kwa baiskeli, kwa koti, kwa mlio wa jiwe. Kwa hiyo wakampigania Makali. Fundi viatu akampigania kwa tofali. Kinyozi wa kona akampigania kwa ubao wenye msumari. Muuza nyama alikuwa analia machozi ya kweli, na alipoona kupiga kwa mateke hakutoshi, akarudi bandani akachukua jiwe la mizani la kilo mbili, la chuma.

"Mkono huu," alisema, "ndio uliomwibia." Wakamnyooshea huo mkono wa kulia juu ya ukingo wa mfereji, mmoja ameshika kiwiko, mwingine amekanyaga kifundo, na muuza nyama akateremsha chuma. Akateremsha tena.

*

Mama Watatu aliisikia baiskeli kabla ya kuona lolote. Sauti ya kike, ya upole, imerekodiwa mahali safi: baiskeli hii imeibwa, mwizi ndiye huyu, tafadhali toa msaada. Halafu king'ora. Halafu tena, tafadhali. Alipiga kelele kwamba huyo ni mume wake, akapiga kelele jina la Makali, na watu wa nyuma wakamjibu kwamba ndiyo mama, ndiye tunayemlipizia kisasi. Mmoja akamsogezea nafasi aone.

Akapita kati ya miguu yao. Shati jeupe halikuwa jeupe. Makali alilala ubavu, magoti kifuani, helmeti imepasuka lakini bado kichwani, na kutoka ndani yake kulikuwa na mlio mwembamba. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya zege, mmoja bado amekanyaga kifundo na mwenye shati la mistari ameshika kiwiko, na vidole havikwenda upande mmoja. Muuza nyama alikuwa amesimama juu yake, na safari hii chuma kilikuwa juu ya helmeti. Mtu alisema asubiri, mafuta ya taa yanakuja. Muuza nyama hakusubiri, akainua.

Kisu cha kutolea mifupa kilikuwa karibu na goti la Mama Watatu. Hakukumbuka kukiokota. Alikumbuka kwamba kiliingia kwenye mkono wa muuza nyama, juu ya kiwiko, bila kushindana na kitu chochote, kikashuka mpaka kilipoamua kukoma chenyewe. Jiwe la mizani likaanguka kwenye mfereji. Muuza nyama alitazama nyama yake mwenyewe imefunguka, akashangaa kama mteja.

Watu wakarudi nyuma hatua tatu. Mama Watatu alibaki amepiga magoti, kisu mbele yake, ananguruma maneno ambayo wanawe hawajawahi kuyasikia kinywani mwake. Kila aliyesogea, alikata hewa mbele yake. Mkono wa kushoto ulikuwa unapapasa tundu la ufunguo kwenye baiskeli, ukalipata, ukazungusha. King'ora kikakatika, na watu wakasikiana wakihema.

Akakata mkanda wa helmeti, akaivua polepole.

Uso ulikuwa umevimba, lakini ulikuwa uso wa Makali. Muuza nyama aliuona, akaketi kwenye tope la mfereji. Fundi viatu aliweka tofali chini taratibu sana, kama yai. Wa nyuma wakaanza kukumbuka kwamba wameacha meza zao peke yake.

*

Askari wawili walifika haraka ajabu. Kwa mtu aliyekuwa anapigwa hakuna aliyewaita, lakini mwanamke alipomkata muuza nyama, simu tatu zilipigwa kwa mpigo. Gari la duka lilifika nyuma yao. Meneja alishuka na tambi za karatasi puani, akaenda kwenye baiskeli kwanza, akaikagua fremu, akapapasa rangi. Askari mwenye daftari alipomwamuru ambebe majeruhi hospitali, alitandika maboksi nyuma ya gari kabla ya kukubali Makali apandishwe. Binti wa mauzo alikuja naye. Akapanda nyuma, akakaa chini, akakiweka kichwa cha Makali mapajani mwake bila kuambiwa.

Askari akauliza nani kamkata mtu. Vidole vyote vikaelekea kwa Mama Watatu. Akauliza nani kampiga mzee. Vidole vikarudi mifukoni.

Ndipo muuza nyama, mkono umeviringwa kwa aproni, aliposema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyedhani anayo:

"Nimejikata mwenyewe, afande. Visu hivi ni vikali."

Watu wakashusha pumzi. Fundi viatu akakamata njia hiyohiyo, akasema na mzee naye alianguka kilimani, breki za hizi baiskeli mpya hazifai. Kinyozi akaunga mkono, aliona kwa macho yake. Meneja alitaka kutetea breki zake, akafikiri kidogo, akaacha. Muuza nyama akasema gharama za hospitali ziwe juu yake, zote, na chakula cha nyumba mpaka mzee apone. Alimtazama Mama Watatu kwa macho ya mbwa aliyepigwa. Alikuwa anamsihi, na tusimwonee, alikuwa anamaanisha.

Askari alipendezwa. Ajali mbili hazina makaratasi mengi. Akafunga daftari, akamwambia Mama Watatu apande gari aende na mumewe, yameisha. Makali akainua kichwa kidogo kwenye mapaja ya yule binti. Midomo ilikuwa mizito.

"Mama watoto, twende. Twende tu."

Watoto walikuwa watoke shule saa moja baadaye. Akipanda gari lile angewahi kurudi kuwapikia. Asipopanda, hakujua watalala kwa nani. Mama Watatu akauangalia mkono wa mumewe juu ya boksi. Mkono ulioshika chuma kwenye jiwe miaka ishirini na miwili kwa kipimo cha unywele hautashika tena hata kijiko, na kama leo hakuna aliyeupiga, basi kesho hautakuwa umepigwa, na mwakani utakuwa mkono wa mzee aliyeanguka na baiskeli. Na mkewe atakuwa amepewa nyama za bure ili akubali hivyo.

"Hajajikata," alisema. "Nimemkata mimi. Fungua daftari."

"Nyamaza, mama," muuza nyama alinong'ona. "Nakuokoa."

"Unajiokoa."

Askari alimwonya. Akiandika, pingu ni hapahapa, na kumjeruhi mtu kwa kisu si mchezo, na yule meneja naye ana pua yake ya kulalamikia. Mama Watatu akasema anajua. Akampigia binti ishara, gari liondoke, wasimcheleweshe mgonjwa. Alilifuata kwa macho mpaka lilipopinda. Kisha akamgeukia askari, akaanza.

"Niandike mimi wa kwanza, ili watakaofuata wasikuombe uchane karatasi kwa kisingizio cha kuniokoa. Nimemkata kwa mkono huu. Sasa andika muuza nyama, visu vinne. Huyo ndiye aliyeuvunja mkono."

Majina yao hakuyajua. Lakini kila jioni visu vya watu hawa vilimwagwa kwenye sakafu yake, na yeye ndiye aliyevifunga vibandiko, hiki cha nani na kile cha nani, asubuhi visichanganyike. Aliwajua wote kwa vyuma vyao, na sura zao alizijua kwa mabanda yao, alikopita na kikapu chake.

"Fundi viatu, kisu kimoja cha ngozi. Ana vumbi la tofali mikononi, mwangalie. Kinyozi wa kona, mikasi mitatu. Ubao wake ule pale, una msumari na kitambaa cha shati. Muuza miwa, mapanga mawili, alikanyaga kifundo, kiatu chake kina damu. Yule anayeondoka pole pole, shati la mistari, mkata vitambaa, mkasi mkubwa mmoja, alishika kiwiko. Mwambie asimame."

Askari wa pili akamwambia asimame. Mwenye daftari alikuwa anaandika, hakuinua tena kichwa. Mama Watatu alinyoosha mikono yake ya damu mbele, tayari kwa pingu, akaendelea kuwataja.